Nani Anatangaza Hesabu? Kura za West Nile, Kutoka 1980 Mpaka Bloku Yetu

Nianze na kosa langu mwenyewe, ndipo niingie kwenye historia.

Siku ya uchaguzi wa mwisho wa RWC1 katika bloku yetu, mimi nilikuwa mmoja wa vijana tuliopewa kazi ya kuhesabu. Karatasi za kura hazikuwepo. Watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wao, karibu na bomba la maji. Wagombea walikuwa wawili. Mstari mmoja ulinyooka mpaka barabarani. Mwingine ulijikunja chini ya mwembe, kwa sababu watu walikuwa wanatafuta kivuli. Nikahesabu huo uliojikunja, nikapata hesabu moja. Nikarudia, nikapata nyingine, maana watoto walikuwa wameingia katikati na akina mama wengine walikuwa wametoka kuangalia jerikeni zao. Nikataka kuhesabu mara ya tatu. Msimamizi akaniambia, "Wewe kijana, mvua inakuja na gari inaondoka. Mstari mrefu si unaonekana kwa macho?" Akaandika namba kwenye karatasi, akanipa kalamu. Nikatia sahihi.

Karatasi ikaingia kwenye faili, faili ikaingia kwenye gari. Hakuna mtu wa bloku aliyeiona tena.

Baada ya hapo nusu ya watu wakasema mwenyekiti si wao. Bomba lilipoharibika, mchango wa kununua spea haukutimia, kwa sababu nyumba za upande ule zilisema haziwezi kutoa pesa kwa mtu ambaye hazikumchagua. Kwa wiki nyingi mama zetu walitembea mpaka bloku ya jirani kuchota maji, na kule waliambiwa wangoje wenye bomba wamalize kwanza. Mimi niliilipa sahihi ile kwa aibu. Mama yangu aliilipa kwa shingo yake, na jerikeni kichwani.

Sasa uchaguzi mwingine unakaribia. Ndiyo maana nimekaa kusoma na kuuliza wazee: watu wengine walifanya nini ili hesabu ya kura iaminike? Na kabla sijaendelea niseme wazi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatukataza sisi wakimbizi kufanya siasa ya nchi hii. Siandiki kumsifu au kumponda mtu wa chama chochote. Naandika historia ya wenyeji wetu ili sisi tujifunze, kwa ajili ya kura ndogo tuliyo nayo sisi wenyewe.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mwenyeji, ambaye shamba lake limepakana na bloku yetu. Kiswahili chake kinatiririka. Nilifikiri alikuwa askari zamani, maana hapa Koboko wazee wengi walikipata Kiswahili jeshini. Akacheka. "Hapana, mtoto yangu. Hii Kiswahili nilitoa kwenu. Mimi nilikuwa mkimbizi Zaire." Nikamwuliza, basi mwaka 1980 ulipiga kura wapi? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Kura gani? Siku ya kura sisi tulikuwa tunakata majani ya kuezeka kibanda, ng'ambo ya mpaka."

Tuielewe habari hiyo. Aprili 1979 jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni walimwondoa Idi Amin madarakani. Amin alihesabiwa kuwa mtu wa Koboko, na askari wake wengi walikuwa wa West Nile. Walikimbilia Sudan na Zaire. Oktoba 1980 baadhi yao walirudi na silaha, wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali, lililoitwa UNLA, lilipokuja kuwafukuza, lilimwaga hasira yake juu ya raia. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, maelfu kwa maelfu wakavuka mipaka. Miezi miwili tu baadaye, tarehe 10 na 11 Desemba 1980, Uganda ilifanya uchaguzi mkuu, wa kwanza tangu 1962. Kwa hiyo Uganda ilipopanga foleni baada ya miaka 18, watu wengi wa hapa walikuwa wakimbizi, kama sisi leo. Kura zao zilipotea kabla sanduku halijafunguliwa.

Hata kule ambako watu walipiga kura, mambo hayakuwa mazuri. Nchi ilikuwa chini ya Tume ya Kijeshi, na mwenyekiti wake, Paulo Muwanga, alijulikana kuwa mtu wa UPC, chama cha Milton Obote. Vyama vilikuwa vinne: UPC, DP ya Paul Ssemogerere, UPM ya Yoweri Museveni, na CP. Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa sanduku. DP ilitaka kila kituo kiwe na sanduku moja, kura zote zichanganyike humo. Tume ikaamua kila chama kiwe na sanduku lake. Hili linaonekana jambo dogo, lakini fikiria kidogo: masanduku yakiwa mbalimbali, ni rahisi kujua mtu ameelekea wapi, na ni rahisi sanduku moja kupotea na kura zake zote. Ugomvi wa pili ulikuwa wa mahali pa kuhesabia. Baada ya mabishano mengi, ilikubaliwa kura zihesabiwe pale pale vituoni. Huo ulikuwa ushindi kwa mwananchi wa kawaida, kwa sababu aliyepiga kura angeweza kusimama na kusikia hesabu kwa masikio yake.

Ushindi huo haukudumu hata siku mbili. Tarehe 11 Desemba, matokeo yalipoanza kujulikana na watu wa DP walipoanza kusherehekea, Muwanga alitoa tangazo kwamba yeye peke yake ndiye mwenye mamlaka ya kutangaza matokeo. Mtu mwingine akitangaza, adhabu ni kifungo cha hadi miaka 5 au faini ya shilingi 500,000. Mwishowe UPC ikatangazwa mshindi, na viti 17 ilikuwa imevipata bila kupingwa kabisa. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola walikuwepo nchini, lakini walikuwa wageni, wakaandika ripoti yao na kurudi makwao. Hapakuwa na kikundi cha raia wenyewe kilichojipanga nchi nzima kubaki vituoni na kuandika hesabu. Watu walikuwa wamesikia namba kwa masikio, lakini mkononi hawakuwa na kitu.

Bei yake Uganda iliilipa kwa damu. Februari 1981 Museveni aliingia msituni na kundi lake, akisema kura ziliibwa. Vita vile viliharibu Luwero na vikaisha Januari 1986. Huku kwetu, vikundi vya askari wa zamani viliendelea kupigana na UNLA, na raia wakabaki katikati. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamejificha kwenye misheni ya Katoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, walishambuliwa na wengi wakauawa. Siwezi kusema kwamba kura peke yake ndiyo ilileta yote haya. Lakini mzee wangu ananiambia kwamba mtu ambaye hesabu yake imefichwa hatulii. Anatafuta njia nyingine ya kuhesabiwa.

Labda mtajiuliza, sisi watu wa RWC tunaingiaje humu? Tunaingia kwa mlango wa mstari. Serikali ya NRM ilipoingia mwaka 1986 ilianzisha mabaraza ya vijiji, yaliyoitwa RC, na viongozi wake walichaguliwa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Katiba ya 1995 ilipokuja, jina likawa LC. Mabaraza yetu ya wakimbizi, RWC1 mpaka RWC3, yameigwa kutoka kwenye LC hizo. Kwa hiyo ule mstari wetu karibu na bomba una baba na babu.

Mstari una uzuri wake, nisiufiche. Hauhitaji karatasi, hauhitaji kusoma, na kila mtu anauona. Lakini jirani zetu Wakenya waliujua ubaya wake wakaupa jina: mlolongo. Mwaka 1988 chama cha KANU kilichagua wagombea wake wa ubunge kwa watu kujipanga nyuma ya mgombea au picha yake. Kulikuwa na kanuni kwamba aliyepata zaidi ya asilimia 70 amekwisha kupita, hakuna haja ya kura ya siri. Watu wakaona kwa macho yao mstari mfupi ukitangazwa kuwa mrefu. Na kwa sababu mstari ukishavunjika hauwezi kuhesabiwa tena, hapakuwa na ushahidi wa kupeleka popote. Waliopaza sauti hawakuwa wanasiasa tu. Maaskofu na wachungaji kama Henry Okullu, Alexander Muge, David Gitari na Timothy Njoya walisema wazi kwamba jambo hili si la haki, wakati ambapo kusema hivyo kulikuwa hatari. Mlolongo ukafutwa mwaka 1990.

Kuna ubaya mwingine wa mstari ambao huwezi kuuona kama wewe si mtu wa kambini. Mama aliyekopa unga kwa mke wa mgombea atasimama nyuma ya nani? Kijana ambaye anasubiri jina lake liingizwe kwenye orodha ya kazi ya vibarua, atasimama wapi, na mwenyekiti anamtazama? Uso wako unasomwa, na jioni mnakutana kwenye bomba lilelile.

Turudi Uganda. Baada ya 1986, raia walianza polepole kujipanga wenyewe kuangalia kura. Katika uchaguzi wa rais wa tarehe 9 Mei 1996, muungano wa mashirika ulioitwa NOCEM ulifundisha watu na kutuma waangalizi Waganda, si wageni. Mwaka 2009 mashirika mengi yaliungana wakaunda CCEDU, muungano wa raia kwa ajili ya demokrasia ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa 2011, kikundi kingine, DEMGroup, kilichokuwa na Baraza la Pamoja la Wakristo la Uganda na mashirika mengine matatu, kilifanya kazi ambayo haina shangwe yoyote: kukagua daftari la wapiga kura. Nani yumo, nani hayumo, nani amekufa na jina lake bado liko.

Kwa nini daftari? Kwa sababu mahakama ilikuwa imeshasema. Kizza Besigye alipopinga matokeo ya 2006, majaji wote saba wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba sheria haikufuatwa: kuna watu waliofutwa kwenye daftari, na kulikuwa na makosa katika kuhesabu na kujumlisha kura. Lakini majaji wanne dhidi ya watatu wakasema makosa hayo hayakubadilisha matokeo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2001 alishindwa kesi ya namna hiyo kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Soma tena maneno hayo: daftari mwanzoni, hesabu mwishoni. Ndipo kura inapoumia. Siku yenyewe ya kura, pamoja na shamrashamra zake zote, iko katikati tu.

Novemba 2014 wananchi kutoka pande zote za Uganda, wenye vyama na wasio na vyama, watu wa dini, wanawake na vijana, walikutana Kampala kwa siku tatu. Mmoja wa walioongoza juhudi hiyo alikuwa Askofu mstaafu Zac Niringiye. Wakatoka na andiko waliloliita Mkataba wa Wananchi wa Uganda kuhusu Uchaguzi Huru na wa Haki. Waliomba tume mpya ya uchaguzi itakayopatikana kwa njia ya wazi, daftari jipya na safi, na askari wakae mbali na kura. Serikali ilipoleta muswada wa kurekebisha katiba mwaka 2015, mengi ya hayo hayakuwemo. Moja ya mapendekezo yake lilikuwa kuiongezea tume neno "huru" kwenye jina lake. Watu wakacheka, lakini cheko la uchungu.

Hawakuacha. CCEDU walikuwa na kampeni iliyoitwa "Topowa", maana yake usikate tamaa. Baada ya uchaguzi wa Februari 2016, Amama Mbabazi alipeleka kesi Mahakama ya Juu. Wahadhiri tisa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Makerere wakaomba kuingia kama marafiki wa mahakama, yaani hawako upande wa mtu yeyote, wanataka tu kusaidia majaji kuona jambo vizuri. Wakakubaliwa. Viongozi wa asasi za kiraia nao waliomba, wakakataliwa. Mbabazi alishindwa kesi. Lakini wahadhiri wale walikuwa wamewakumbusha majaji kwamba ushauri wa mahakama katika kesi zilizopita ulikuwa umekaa tu kabatini. Agosti 2016 mahakama ikatoa mapendekezo 10, na safari hii ikamwagiza Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuleta ripoti ndani ya miaka miwili. Pendekezo moja lilisema mabadiliko ya sheria yafanywe mapema, ndani ya miaka miwili ya bunge jipya, yasiachwe mpaka uchaguzi uko mlangoni. Miswada ilifika bungeni Julai 2019. Sheria zikapitishwa mwaka 2020, na uchaguzi ulikuwa Januari 2021. Jamani, haraka haraka haina baraka, lakini na kuchelewa kwa makusudi je?

Mwaka 2018 mambo haya yalifika karibu na sisi kabisa. Tarehe 10 Julai 2018 Uganda ilichagua viongozi wa LC1 kwa mara ya kwanza tangu 2001, tena kwa mstari. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nikawaona wenyeji wamejipanga. Siku chache kabla, tume ya uchaguzi ilikuwa imeisimamisha CCEDU, muungano uliokuwa unaupinga mstari huo, ikidai kwamba inapendelea upande. Zuio hilo liliondolewa mwaka uliofuata.

Mwezi mmoja baadaye, Arua. Mbunge wa manispaa, Ibrahim Abiriga, alikuwa ameuawa kwa risasi tarehe 8 Juni, na kura ya kujaza nafasi yake ilipangwa tarehe 15 Agosti. Tarehe 13, kampeni zikifungwa, fujo zikatokea mjini. Yasin Kawuma, dereva wa mbunge Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, akapigwa risasi akafa. Watu wengi wakakamatwa, na 33 wakashtakiwa kwa uhaini. Mmoja wao alikuwa mgombea mwenyewe, Kassiano Wadri. Tulikuwa tunasikiliza redio tukiwa na hofu, maana mkimbizi akisikia risasi kwenye mji wa jirani anaanza kuangalia ni nguo gani atabeba. Lakini siku mbili baadaye watu wa Arua walikwenda vituoni. Wadri akatangazwa mshindi akiwa bado kizuizini.

Hapo mimi najiuliza: mgombea yuko kizuizini, hesabu yake aliisimamia nani? Si yeye. Ni watu waliobaki vituoni. Na sheria ya Uganda inawapa nafasi. Kura inahesabiwa pale pale kituoni, mbele ya watu. Hesabu inaandikwa kwenye fomu, mawakala wanapewa nakala, na nakala moja inabandikwa kituoni ili watu wote waisome. Linganisha na 1980, namba iliyosikika kwa masikio halafu ikafungiwa kinywani mwa mtu mmoja.

Sisemi kazi imekwisha. Oktoba 2020 mashirika yaliyojiunga kuangalia uchaguzi wa 2021 yaliamriwa kusimama. Desemba ile akaunti za benki za mashirika mengine zikafungwa kwa muda, na Januari intaneti ikazimwa nchi nzima kabla ya siku ya kura. Kazi ya kulinda hesabu haimpi mtu raha, na si kila mwaka inasonga mbele.

Sisi tuliotoka Congo tunayo yetu pia. Kwa uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, Kanisa Katoliki kupitia baraza la maaskofu, CENCO, lilituma waangalizi kama 40,000. Hawa walikuwa walimu, makatekista, wanafunzi, watu wa kawaida wa parokia, wakaandika walichokiona kituo kwa kituo. Tume ya uchaguzi, CENI, ilipomtangaza Félix Tshisekedi mshindi tarehe 10 Januari 2019, CENCO ilisema matokeo hayo hayalingani na yale waangalizi wake waliyokusanya. Mahakama iliyathibitisha matokeo ya CENI. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba watu hawakuhesabu.

Na Beni. Siku chache kabla ya kura, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura mpaka Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Rais angekuwa ameshaapishwa. Zaidi ya wapiga kura milioni moja wakaachwa nje. Vijana wa Beni hawakukaa nyumbani kulia. Tarehe 30 Desemba walitengeneza kituo chao wenyewe, watu wakapanga foleni, wakanawa mikono kwa sababu ya Ebola, wakapiga kura yao ya mfano. Kisheria haikuhesabiwa popote. Lakini mtu aliyeachwa nje ya daftari aliionyesha dunia kwamba yuko. Nikimfikiria mzee wangu akikata majani ng'ambo ya mpaka mwaka 1980, naona yeye na watu wa Beni wangeelewana bila mkalimani.

Sasa turudi kwenye bomba letu, maana ndipo nilipoanzia.

Kikundi chetu cha vijana kimekaa mara tatu kuhusu uchaguzi unaokuja. Wazo letu la kwanza lilikuwa makopo mawili yenye picha za wagombea, kila mtu anatia punje moja ya mahindi kwenye kopo la mtu wake. Ni rahisi, hata asiyesoma anaweza. Nikawaeleza habari ya masanduku ya 1980. Tukanyamaza, tukaona kweli: sauti ya punje ikilia kwenye kopo, anayesikia atajua umeelekea wapi. Tukabadilisha. Tutaomba sanduku moja, na vikaratasi vyenye alama mbili, jembe na taa, mtu aweke dole gumba nyuma ya pazia la kitenge.

Jambo la pili, orodha ya majina ibandikwe kwenye bomba wiki moja kabla, ili waliofika karibuni na vijana waliotimiza miaka 18 wajitafute. Asiyejiona aseme mapema, si siku ile mvua inakuja.

La tatu ndilo langu. Kila karatasi iinuliwe juu na isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, Kakwa na Lingala. Hesabu iandikwe mara nne: moja kwa kila mgombea, moja ya wasimamizi, na moja ibandikwe palepale na ikae mpaka jua na mvua ziichoke.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, hatuombi bajeti. Karatasi tunazo za madaftari ya shule, sanduku seremala wa bloku amekubali kulitengeneza. Tunaomba muda tu. Siku hiyo gari lingoje. Kama haliwezi kungoja, liondoke, karatasi ibaki.

Na sahihi yangu ya zamani? Nimekwenda kwa wagombea wote wawili, kila mmoja nyumbani kwake, nikawaambia nilitia sahihi namba ambayo sikuihesabu. Mwenyekiti alikasirika, ana haki. Yule aliyeshindwa alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama mara hii nitahesabu tena. Nikamjibu kwamba watahesabu wengine, mimi nitapandikiza karatasi ukutani. Akaniuliza gundi nitaitoa wapi. Nikamwambia tutaipika wenyewe kwa unga wa posho, na mke wake akasema sufuria atatoa yeye.